Uso wa Upande wa Kamera

Bi Shemsa Ubwa wa Mlandege alikuwa na kazi isiyo na kibao wala duka. Alikuwa somo. Mtoto wa kike akishaposwa na mahari yakishapokewa, mama yake hutuma mtu kwa Bi Shemsa, naye huja na mkoba wake wa udi na liwa, akafunga chumba, akamfundisha mwari yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema na shangazi anayasema ovyo. Siku ya kumwonyesha bi harusi hukaa naye jukwaani. Harusi ikisha hufuatana na maharusi kwenye fungate, akalala chumba cha pili, akapika uji, akasikiliza malalamiko ya asubuhi. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, na shule Bi Shemsa aliishia darasa la saba kwa sababu mama yake alikuwa na maharusi wengi kuliko mikono.

Ufundi wao ulikuwa kwenye nyusi. Bi harusi wa Unguja akiwekwa jukwaani haruhusiwi kufanya lolote la kibinadamu. Hacheki, hasemi, hatazami watu, pua ikimwasha inawasha mpaka ichoke. Huinamisha macho akakaa kama sanamu la kuvalisha nguo dukani, na ukumbi mzima wa wanawake unamtazama na kumtafutia ila. Sasa mtu aliyeinamisha macho atajuaje lini asimame, lini ageuze kidevu, lini atoe machozi ya kumuaga mama yake? Huiba jicho pembeni akautazama uso wa somo. Unyusi ukipanda, geuza kidevu. Ukipanda ukashuka ukapanda tena, simama. Paji likikunjana kama mkeka uliotupwa uani, lia. Hapo bi harusi humwaga machozi, mama yake humjibu kwa ya kwake, kina shangazi wakapiga vigelegele, na kila mtu akarudi kwake akisema mtoto yule kalelewa.

Kwa hivyo makunyanzi ya Bi Shemsa hayakuwa makunyanzi tu. Yalikuwa vyombo vya kazi, kama mwiko kwa mpishi.

Nyumba aliyoionea fahari kuliko zote ilikuwa ya Bi Thuwaiba, kule Chukwani. Bi Thuwaiba alichezwa, yaani alifundwa uari wake, na mama wa Bi Shemsa. Binti yake Bi Thuwaiba, Ruqaya, ndiye bi harusi wa kwanza aliyekalishwa na Bi Shemsa mwenyewe. Na sasa Zeyana, mtoto wa Ruqaya, kaposwa na kijana anayeitwa Mudrik. Bi Shemsa hakungoja kuitwa. Alishanunua udi. Nyumba ikikuacha kwenye kizazi cha tatu, mji mzima unaelewa kuwa umekwisha, na maharusi waliobaki wanakupita kama wanavyopita dukani kwa mtu aliyefilisika.

Aliyekuja ni Ruqaya mwenyewe, na sambusa kwenye bakuli la kufunika, na hapo tu Bi Shemsa akaingiwa na wasiwasi. Mtu anayekuja kukupa kazi haji na sambusa.

"Bi Shemsa, mie na wewe hatufichani," alianza Ruqaya.

Jambo lenyewe lilikuwa kamera. Ruqaya alieleza kwa adabu na kwa kuzunguka sana kuwa siku hizi harusi haiishi ukumbini. Inapigwa video, video inakwenda Maskati na Dubai na London kwa jamaa, na jamaa wanaitazama kwenye televisheni pana kama mlango. Kamera zenyewe zinasogea mpaka unahesabu kope. Na somo anakaa bega kwa bega na bi harusi. Harusi ya juzi ya mtoto wa jirani, jamaa wa Maskati walipiga simu kuuliza yule bibi mgonjwa pembeni ya bi harusi ni nani.

Yule bibi mgonjwa alikuwa Bi Shemsa, na siku ile alikuwa mzima wa afya na kala pilau mara mbili.

Ruqaya akaendelea kuwa yupo Sumaiya. Bi Shemsa alimjua Sumaiya, nani asiyemjua. Alikuwa somo wa kisasa, anafundisha waari kwa simu, anawatumia sauti wakiwa kazini, na uso wake ulikuwa laini unameremeta kama kaimati iliyotoka kwenye shira. Hakuwahi kukunja paji maishani mwake, pengine kwa kukosa la kufikiri.

"Hatutaki kwenda kwa Sumaiya," alisema Ruqaya. "Wewe ni wetu. Ila hujapata kuifikiria ile sindano?"

Ile sindano Bi Shemsa aliijua kwa kuwatazama waliochomwa. Ibtisam, nesi aliyerudi kutoka Maskati, alikuwa amefungua chumba nyumbani kwake hukohuko Chukwani, akawa anachoma wanawake wa mjini usoni ili mikunjo ilale. Ruqaya alikuwa wa mwanzo. Tangu achomwe, uso wake haukuwa na furaha wala huzuni. Alikuja kumpa mtu pole ya kufiwa kwa sura ileile aliyokuja nayo kuleta habari ya posa, na waliofiwa walibaki kujiuliza kama kafurahi. Hata sasa, akisubiri jibu, alikuwa ametulia usoni kama sahani.

Bi Shemsa alimwambia atafikiri. Ruqaya alipotoka, alikwenda kwenye kioo cha kabati, akavuta ngozi ya paji juu kwa vidole, akajiona kijana aliyeshtuka. Akaachia, akajiona mwenyewe. Akavuta tena. Alijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya kazi, na alijiambia mara nyingi, kwa sababu vidole vilikuwa haviteremki.

Akampigia simu ustadh wa msikiti wa mtaani, akajifanya anamuulizia mtu mwengine. Ustadh akamjibu kuwa kubadilisha alichoumba Mwenyezi Mungu kwa ajili ya urembo tu hakufai. Bi Shemsa akamuuliza, na ikiwa ni kwa ajili ya riziki? Ustadh akauliza huyo mtu mwengine anafanya kazi gani. Bi Shemsa akakata simu.

Habari haikai Unguja. Kabla hajajibu ndiyo wala siyo, aliitwa Chukwani na Bi Thuwaiba. Bi Thuwaiba alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuamrisha mashua, na alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha barazani kama mtu anayengoja kuhukumu. Ruqaya alikuwa amekaa pembeni.

"Nasikia unataka kuwa msichana," alisema Bi Thuwaiba.

Bi Shemsa akasema hajaamua.

"Amua hapa. Mjukuu wangu anakwenda Matemwe fungate, nyumba ya watu watatu. Yeye, mumewe, na wewe. Bi harusi mwenyewe atakuwa amejiinamia, kachoka, kalia, wanja umemwagika. Ukiingia wewe na chai umenyooshwa uso, unanukia udi, kijana wa watu atatazama wapi?"

Ruqaya akasema mama, Bi Shemsa ana wajukuu. Bi Thuwaiba akasema wajukuu hawaandikwi kwenye paji. Kinachoandikwa kwenye paji ni makunyanzi, na ndiyo maana mwanamume akiyaona anainamisha macho. Somo asiye na makunyanzi si somo, ni mke wa pili anayejileta mwenyewe. Ruqaya akasema Matemwe haipigwi video, na ukumbini inapigwa, na jamaa wa Maskati hawatamtazama Mudrik, watamtazama somo. Walibishana juu ya uso wa Bi Shemsa kwa muda mrefu na yeye mwenyewe amekaa pale ameushika, kama watu wanaogombania sufuria la kuazima. Kila alipofungua kinywa, mmoja alimwambia ngoja kwanza.

Mwishowe Bi Thuwaiba akachoka, akasema kwa kejeli: "Basi mpigeni nusu, si nyie mnajua kila kitu. Upande mmoja kijana, upande mmoja mtu mzima."

Alisema kama mtu anavyomwambia mwenzake akaianike bahari. Lakini Ruqaya hakucheka, kwanza kwa sababu alikuwa hawezi, na pili kwa sababu alikuwa anapiga hesabu. Akasema kuwa ukumbini kamera itakaa upande wa mlango, kuliani mwa jukwaa. Somo atakaa baina ya kamera na bi harusi. Kwa hivyo kamera itaona shavu la kulia la somo, na bi harusi ataona la kushoto.

"La kulia likinyooshwa, la kushoto likabaki, tatizo liko wapi?" alisema Ruqaya.

Walitafuta tatizo, wote watatu, na hawakuliona. Nyusi za kushoto zitabaki kufanya kazi na mwari ataziona. Video itakwenda Maskati safi. Na Matemwe, alisema Bi Thuwaiba akianza kulipenda jambo mwenyewe, Bi Shemsa atakuwa anamtolea Mudrik chai kwa kupitia kushoto, makunyanzi yakimwelekea. Hivyo ndivyo baraza la nyumba ile lilivyopitisha. Ruqaya akaongeza sharti moja tu, kwa upole: wataona ukumbini. Ukumbi ukienda sawa, Bi Shemsa atakwenda fungate na Zeyana ni wake. Ukumbi ukiharibika, Sumaiya atakuwa tayari.

Ibtisam alipoambiwa achome upande mmoja aliweka sindano chini. Akasema amechoma watu Maskati, Dubai na Unguja, hajapata kuombwa nusu, na kwamba uso si shuka la kupiga pasi upande utakaoonekana. Bi Shemsa, ambaye kwa wakati ule alikuwa na hofu ya sindano kuliko ya kitu kingine chochote, akasema afadhali basi waache. Ruqaya akasema watu wanangoja. Ibtisam akachukua kalamu, akamchora Bi Shemsa mstari kati ya paji mpaka ncha ya pua, kama mpaka wa shamba, akachoma upande wa kulia tu, na akasema litakalotokea yeye hayumo.

Siku za mwanzo hakikutokea kitu. Kisha asubuhi moja Bi Shemsa akashangaa jambo, na upande wa kulia haukushangaa. Alikwenda kwenye kioo. Kulia palikuwa shwari, pamelala, paji linang'aa. Kushoto palikuwa palepale pa siku zote. Unyusi wa kushoto ukipanda, wa kulia unautazama. Alionekana kama mtu ambaye nusu yake imepewa habari mbaya na nusu nyengine bado haijafikiwa.

Mumewe, Mzee Khatib, hakuona kitu. Sikio lake zima lilikuwa moja, na kwa ajili hiyo alizoea kukaa kushotoni mwa mkewe tangu waoane. Bi Shemsa alijaribu kumzunguka, akakaa upande mwengine, akamgeuzia shavu jipya. Mzee Khatib akanyanyuka na sahani yake, akahamia kushoto, akaendelea kula.

Mlandege ndiko alikopata shida. Akipanda njia ya maduka, wauzaji wa upande wa kulia walimwita wamuonyeshe madera mapya na pafyumu, wakimwambia rangi hii itakutoa, bibie. Akirudi njia ileile, maduka yaleyale sasa yako kushotoni mwake, na watu walewale wakamvutia stuli apumzike. Jirani yake alimwona kwa mbele, pande zote mbili kwa pamoja, akaangusha kapu. Alidhani ni kiharusi. Akamkalisha Bi Shemsa kwenye ngazi, akamtaka anyanyue mikono, akamtaka ataje jina la mama yake, na akaanza kumsomea. Bi Shemsa alimwambia hana kitu. Jirani akasema ndivyo wanavyosema wote, akamsomea mpaka mwisho.

Lakini mafunzo yalikwenda vizuri. Kila siku Bi Shemsa alikwenda Chukwani, akafunga chumba na Zeyana, wakapanga viti viwili, somo kulia, mwari kushoto. Zeyana alikuwa mtoto mwepesi wa kushika na mwepesi wa kuogopa. Aliyajua yote, geuza, simama, lia, na bado mikono ilikuwa baridi. Alikuwa anaogopa ukumbi, anaogopa Matemwe, anaogopa kulia mapema na anaogopa kutolia kabisa. Alisema Sumaiya amemtumia sauti, kamwambia asilie, wanja wa siku hizi ni ghali. Bi Shemsa akamwambia wewe nitazame mie, usifikiri kitu. Unyusi wa kushoto ukapanda, kidevu cha Zeyana kikageuka. Bi Shemsa akarudi nyumbani siku hiyo akijua Zeyana ni wake, na akajiona hana haja ya kuogopa ukumbi wala Sumaiya.

Siku ya harusi, alasiri, ukumbi ulijaa. Wanawake watupu, madera yanawaka, asumini zinanukia, watoto wanakanyaga mikia ya nguo za watu. Kamera ilikuwa upande wa mlango kama ilivyosemwa, na aliyeishika alikuwa msichana mwembamba mwenye haraka. Bi Shemsa akamwingiza Zeyana kwa mguu wa kulia, akamkalisha kwenye kiti cha enzi, akakaa kuliani mwake. Kamera ikamsogelea. Bi Shemsa akalitoa shavu la kulia kama mtu anayetoa kadi ya mwaliko. Ruqaya, chini ya jukwaa, aliitikia kwa kichwa mara moja, na kwake hiyo ilikuwa furaha kubwa.

Hapo ndipo Bi Thuwaiba alipopanda jukwaani kusoma dua.

Hilo halikusemwa kwenye baraza, kwa sababu halihitaji kusemwa. Bibi mzaa mama anapanda, anasoma dua, na anakaa kuliani mwa bi harusi, kwa kuwa kulia ni mahali pa mkubwa na yeye ndiye mkubwa. Ruqaya alifanyiwa hivyo na bibi yake, na mama zake kabla yake walifanyiwa hivyo. Walipokuwa wakigawana shavu la Bi Shemsa, watatu wazima wenye akili zao, hakuna aliyekumbuka kuwa kiti kile kina mwenyewe. Bi Thuwaiba akafika na maikrofoni mkononi, akamsimamia Bi Shemsa, akamngoja. Hukai ukangojewa na Bi Thuwaiba. Bi Shemsa akanyanyuka, akazunguka nyuma ya kiti cha enzi, akakaa kushotoni mwa Zeyana.

Akakaa, kisha akaelewa. Sasa aliyekuwa upande wake wa kulia ni Zeyana. Shavu lililomwelekea mtoto lilikuwa lile la Ibtisam.

Halafu Bi Thuwaiba naye akakaa, na alipokaa, bi harusi akapotea. Upana wa bibi ulikuwa umemziba mjukuu mzima, kwenye kamera haonekani ila ncha ya taji. Msichana wa kamera akanyanyua vitu vyake, akapita chini ya jukwaa kwa kuinama, akasimama upande wa pili, kushoto, na taa yake yote ikammulika Bi Shemsa kwenye lile shavu lililoachwa kwa ajili ya heshima. Kila mkunjo ulipata taa yake. Maskati sasa walikuwa wanapelekewa yule bibi mgonjwa, kwa karibu zaidi.

Bi Thuwaiba alisoma dua ndefu na nzuri. Alipomaliza akaiweka maikrofoni mapajani, na hakuizima, kwa sababu kuzima vitu ilikuwa kazi ya watu wengine. Ukumbi ukanyamaza. Ulikuwa wakati wa machozi.

Bi Shemsa akakunja paji. Kushoto likakunjana vizuri, likawa mkeka hasa. Kulia, kwa Zeyana, hapakutikisika hata unywele. Zeyana akaiba jicho, akaona uso wa amani, akateremsha macho, akangoja. Bi Shemsa akakunja tena kwa nguvu zake zote, mpaka sikio la kushoto likasogea. Zeyana akaiba jicho mara nyengine, palepale shwari. Bi Shemsa akaanza kujipinda shingo ili upande mzima umfikie mtoto, akainama mbele, akageuka, kama kuku anayetaka kumtazama mtu kwa jicho la pili. Wanawake wa mstari wa mbele wakaanza kugongana viwiko. Mmoja akasema somo kapandwa na shetani. Mama wa bi harusi alikuwa ameshika leso tayari, anangoja kulia, na hawezi kuanza yeye. Mikono ya Zeyana ilikuwa inatetemeka mpaka bangili zinalia badala yake.

Mtoto akafanya ambalo hajapata kufanya bi harusi yeyote wa nyumba ile. Akafungua kinywa. Alidhani ananong'ona, na maikrofoni ya bibi yake ilikuwa karibu, hai, na ina masikio mazuri.

"Somo, nilie sasa au bado?"

Ilisikika ukumbi mzima. Ilisikika nje, kwa wapishi na madereva. Dereva mmoja, bila ya kuulizwa, akajibu bado.

Aliyeanza ni bibi mmoja nyuma kabisa, akacheka kama mtu anayekohoa, kisha mstari mzima, kisha ukumbi. Zeyana alinyanyua uso kumtazama somo wake, na kwa kuwa Bi Shemsa alikuwa bado amejipinda, safari hii aliuona uso wote kwa pamoja, nusu msiba na nusu Idi. Bi harusi akacheka. Alicheka na meno, jukwaani, mbele ya kamera, mpaka taji likaegemea sikioni. Machozi yakaja yenyewe kwa kicheko, na Ruqaya, ambaye hakuweza kutambua machozi gani, akaona ya kheri na akalia ya kwake. Kina shangazi wakapiga vigelegele kwa kukosa jengine la kufanya.

Lakini Ruqaya hakuwa mjinga. Watu walipokwenda kula, alimvuta Bi Shemsa kwenye chumba cha nyuma, akamwambia kwa uso ule wa sahani kuwa hakuna ubaya, ila ukumbi umeharibika. Bi harusi kasema, kacheka, na kaonyesha meno. Gari la Matemwe liko nje na Sumaiya ameshaweka begi lake. Bi Shemsa alianza kukusanya chetezo na vijaluba vyake mkobani, na kilichomuuma si sindano wala kicheko. Ni kuwa mama yake aliwakalisha watu wa nyumba ile bila ya kubadilisha hata kanga, na yeye kawapoteza kwa kutaka kuwabakisha.

Zeyana alikuja mwenyewe mlangoni, na shela lake limekunjwa mkononi kama nguo za kufuliwa. Alimwambia mama yake kuwa Sumaiya ashuke.

Ruqaya akasema mambo yameshapangwa.

"Mama, nlikuwa natetemeka tangu juzi. Silali, chakula hakipiti. Nlipocheka pale nkaacha. Sasa siogopi kitu, hata Matemwe siogopi. Huyu ndiye somo wangu. Asipopanda yeye, sipandi."

Ruqaya akamtazama mama yake, Bi Thuwaiba, aliyekuwa ameziba mlango wote nyuma ya mjukuu wake. Bi Thuwaiba akaufikiri uso wa Bi Shemsa, kulia, kushoto, kwa hesabu ya mtu anayechagua nazi.

"Sumaiya ni mzuri mno," alisema. "Ashuke."

Wakaenda Matemwe. Njiani Zeyana alilala begani kwa Bi Shemsa tangu gari linatoka mjini, akiwa na taji kichwani, na Mudrik alikaa mbele na dereva akiogopa kugeuka.

Asubuhi Bi Shemsa aliamka mapema, akaoga, akavaa dera lake zuri, akajifukiza udi. Alipoingia barazani na birika la chai alikumbuka agizo la kupitia kushoto, na kwa sababu ambayo hakuitafuta sana, akapitia kulia, shavu lililonyooshwa likimwelekea kijana. Mudrik alikuwa amekaa mezani. Alimwona, akaruka kutoka kitini kama aliyeitwa na mwalimu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Si Bi Shemsa. Bibi. Bi Shemsa akajibu marahaba. Mudrik akampokea birika, akamvutia kiti chenye mto, akamuuliza kama miguu haijavimba kwa safari. Kisha akaitazama sahani ya chapati za jana, akapunguza sauti kwa heshima, akamuuliza anaziweza hivyohivyo au amlowekee kwenye chai.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Thuwaiba, hakusalimia, akauliza moja kwa moja.

"Anakutazamaje?"

Bi Shemsa alimweleza yote, mpaka la kulowekwa. Bi Thuwaiba akashusha pumzi ndefu, akamshukuru Mungu, akasema basi mtoto yumo kwenye mikono salama, na watakapojaaliwa mtoto wa kike, Inshaallah, Bi Shemsa atamcheza yeye huyohuyo, kwa uso wowote utakaokuwa umebaki.

Bi Shemsa akaiweka simu. Kutoka chumbani Zeyana alimwita, Somo, akaitika naam, nnakuja. Lakini kwanza akachukua chapati iliyokauka kuliko zote, akaikunja mara nne, akaing'ata kavu bila chai, na akaitafuna kwa sauti, akimtazama Mudrik, mpaka yule kijana akainamisha macho.